Maswali ya Wasomaji: Nyumbani bila mashabiki

SWALI: Timu yetu imemaliza ligi ikiwa kileleni, kwa hiyo nusu fainali ya mchujo tutaichezea nyumbani dhidi ya timu ya Malindi. Shida ni kwamba mechi iliyopita watu walivamia uwanja kabla ya kipenga cha mwisho, na waandalizi wameamua mchujo uchezwe bila mashabiki. Wenzangu wanasema sasa ni kama tuko ugenini. Je, tumebakiwa na faida yoyote?
Nahodha, Langoni, Lamu

JIBU: Faida mnayo, ila imepungua, na iliyobaki si ile mliyoizoea.

Tazameni yaliyotokea wakati wa korona. Msimu wa 2020/21 Ligi Kuu ya England ilichezwa karibu yote katika viwanja vitupu. Katika mechi 380, wenyeji walishinda 144, wageni wakashinda 153, na 83 zikaisha sare. Kabla ya msimu huo, katika historia yote ya ligi ya daraja la juu nchini humo, wageni hawakuwahi kuwapita wenyeji kwa ushindi. Ujerumani, iliyorejea uwanjani Mei 16, 2020, nayo iliona wageni wakishinda mechi nyingi kuliko wenyeji hadi msimu ulipokwisha. Liverpool, waliokuwa wamecheza mechi 68 za ligi pale Anfield bila kufungwa, walipoteza sita mfululizo nyumbani mwanzoni mwa 2021. Hiyo ya Liverpool msiibebeshe viti vitupu peke yake, maana beki wao Virgil van Dijk alikuwa nje kwa jeraha tangu Oktoba na safu ya ulinzi ilikuwa ya kuungaunga.

Katika mchujo wenyewe mambo yalikwenda hivyo hivyo. Nusu fainali za kuwania kupanda Ligi Kuu ya England mwaka 2020 zilikuwa mechi nne bila watazamaji: wenyeji walishinda mbili, wageni mbili. Fulham walishinda 2-0 kwa Cardiff, wakafungwa 2-1 kwao, wakafuzu kwa jumla ya mabao 3-2. Hata kwenye mpira wa Kimarekani, Tampa Bay Buccaneers walipita mchujo wa msimu wa 2020 kwa kushinda mara tatu mfululizo ugenini, katika viwanja vitupu au vyenye watu wachache, kisha wakatwaa ubingwa.

Kilichoondoka pamoja na mashabiki ni nini hasa? Kwa maoni yetu, kikubwa ni shinikizo juu ya refa. Katika jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 2002, waamuzi walioneshwa matukio ya mechi moja kwenye video, wengine wakiwa na sauti ya mashabiki na wengine bila sauti. Waliosikia kelele waliwahukumu wenyeji makosa machache kwa karibu asilimia 15. Fikirieni winga wenu anapoanguka ukingoni mwa eneo la hatari. Uwanja ukiwa umejaa, watu wote hupiga ukelele kabla refa hajameza mate. Uwanja ukiwa mtupu, anachosikia ni kiatu kikigusa ugoko, au ukimya wa mguu ambao haukuguswa. Basi mchezaji aliyezoea kujiangusha aambiwe mapema kwamba wiki hii haitamfaa. Na refa atasikia kila neno analoambiwa; kadi za mdomo mtazipata kwa urahisi kuliko siku zote.

Iliyobaki ni ardhi, upepo na safari ya mgeni. Hayo hayafungiwi nje ya geti.

Anzeni na ardhi. Sheria za mpira huruhusu uwanja wa urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, tofauti kubwa mno. Kama wenu ni mwembamba, mgeni aliyezoea kutanua kwa mawinga atajikuta amebanwa. Msibadilishe vipimo siku ya mwisho, mtajichanganya wenyewe. Badala yake, siku tatu kabla ya mechi ingieni saa ile ile ya kuanza, mkiwa na mipira mitatu. Kila mchezaji aviringishe pasi ya mita 20 katika eneo analocheza. Kwenye mchanga laini mpira hufa njiani. Penye udongo ulioshindiliwa huruka na kumpita mpokeaji. Beki wa kati ajue kwa hakika ni wapi hawezi kumrudishia kipa pasi ya chini.

Halafu jua na upepo. Mechi ya saa kumi kamili huingia kipindi cha pili karibu saa kumi na moja, na jua huwa limeshuka. Kama goli moja linatazama magharibi, kipa wa upande huo ataumizwa macho na kila krosi. Nahodha akishinda shilingi, sheria inampa kuchagua goli la kushambulia au kuanza mpira, na sisi tungechagua goli. Katika kusi upepo unaweza kuurudisha mpira wa kipa katikati ya uwanja; mkiona kwenye mazoezi kwamba hupungua jioni, uwe mgongoni mwenu kipindi cha kwanza.

Jambo moja zaidi: uwanja mtupu hubeba sauti. Maagizo ya kocha wenu yatasikika na benchi la wageni. Kama wachezaji wenu wengi wanatoka Faza na Kizingitini, Kibajuni kikisemwa haraka kitawaficha kwa kiasi, lakini watu wa Malindi si wageni wa lugha hiyo kabisa. Pangeni maneno manne au matano ya siri, ya kona na ya mtego wa kuotea, na mfanye nayo mazoezi.

SWALI: Sisi ndio wageni. Tunajua hakutakuwa na kelele. Je, tuendelee na mpango wetu wa kusafiri asubuhi ya mechi?
Kocha msaidizi, Malindi

JIBU: Hapana. Mkifanya hivyo mtawarudishia wenyeji faida waliyonyang'anywa. Ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kupitia Garsen hadi Mokowe, kisha boti. Mchezaji aliyekaa saa nyingi kwenye matatu hushuka misuli ya paja imekaza, na hiyo ndiyo hupasuka dakika ya 60. Lala Lamu usiku mmoja, tembezeni miguu jioni kwa dakika 30, na asubuhi mkague uwanja.

Bebeni pampu yenye kipimo. Mpira unatakiwa uwe na presha kati ya 0.6 na 1.1 kwa kipimo cha angahewa (atm), yaani 8.5 hadi 15.6 kwenye pampu zinazosoma kwa PSI. Mpira mlegevu juu ya mchanga haudundi kabisa, kwa hiyo ombeni upimwe mbele ya refa. Njumu ndefu za chuma acheni nyumbani; penye ardhi ngumu huteguza kifundo.

Kumbukeni pia kwamba jina la mwenyeji peke yake halifungi bao. Mwaka 2024, Kenya ilipokosa uwanja ulioidhinishwa, Harambee Stars walikuwa "nyumbani" Lilongwe dhidi ya Burundi na Ivory Coast, na Kampala dhidi ya Zimbabwe. Zote tatu ziliisha sare.

SWALI: Kukiwa na marudiano, bao la ugenini bado ni mawili? Na matuta hupigwa goli gani?
Msomaji, Shela

JIBU: UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, iliifuta kanuni ya bao la ugenini kuanzia msimu wa 2021/22, lakini kila mashindano yana kanuni zake. Waulizeni waandalizi kwa maandishi kabla ya mkondo wa kwanza, si baada yake.

Kuhusu matuta, goli haliamuliwi na mwenyeji. Refa hurusha shilingi kuamua goli, isipokuwa kama kuna sababu nyingine, mfano hali ya uwanja au usalama. Kisha huirusha tena, na atakayeshinda safari hii huchagua kupiga wa kwanza au wa pili. Kama goli moja lina shimo penye alama ya penalti, mwoneshe refa kabla ya shilingi ya kwanza kurushwa.