Donge la kooni nililichora kabla ya kulisema

Nilipofiwa na mama, karibu kila aliyenipa pole aliniambia: jikaze. Nikajikaza kwelikweli. Miezi minane baadaye mabega yangu yalikuwa bado yamepanda, usingizini nasaga meno, na kila wiki naketi mbele ya mtaalamu wa saikolojia nikisimulia msiba wangu kwa ufasaha, macho makavu.

Siku moja akanikatiza. "Hapo ulipomtaja mama, mwilini umesikia nini, na wapi?" Sikuwa na jibu. Nilipotulia nikakuta donge kooni. Hakuniuliza maana yake. Alinisogezea karatasi kubwa na kalamu za rangi, akaniomba nilichore kwa mkono wa kushoto, mkono nisioutumia. Nikachora duara jeusi, nikalikandamiza mpaka karatasi ikachanika. Kisha nikachukua kijani na kuizungushia ile sehemu iliyochanika. Kijani kile kilikuwa rangi ya mlango wa chumba chake. Hapo ndipo machozi yalipotoka.

Eugene Gendlin, mwanafalsafa na mwanasaikolojia aliyechunguza rekodi za vikao vya tiba ya mazungumzo huko Chicago, Marekani, aliona kuwa wanaonufaika ni wale wanaositasita, wanaopapasa ndani yao kutafuta neno la jambo ambalo mwili umeshalihisi. Mimi nilikuwa mwepesi mno wa maneno. Rangi ndiyo iliyonipunguza mwendo.

Kwa hiyo, kama mtaalamu wako anachanganya mazungumzo na kuchora, kufinyanga au kucheza, usihangaike na uzuri wa kazi. Tazama mkono ulikandamiza wapi, ulikwepa wapi. Wala usikubali mtu akufasirie mchoro wako. Mshauri wangu wa kwanza aliona rangi nyeusi tu, akatangaza kwamba nina hasira na baba. Niliacha kuchora kwa muda mrefu.

Kuusikiliza mwili nako kuna tahadhari zake. Mara ya kwanza nilipoambiwa nifumbe macho nifuate pumzi, moyo ulinienda mbio na nikatoka nje. Kwa mtu aliyeumia, kugeukia ndani ghafla kunaweza kuamsha hofu yote kwa mpigo. Kilichonifaa ni kuacha macho wazi, nyayo zimekanyaga sakafu, na kuanzia mahali palipo shwari. Kwangu ni viganja. Naligusia lile donge kidogo, narudi viganjani. Pumzi naitoa taratibu, ndefu kuliko ninavyoivuta, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua tunapotoa pumzi. Ukizidiwa, sema basi. Na mtu asikuguse bila ridhaa yako, hata akisema ni sehemu ya tiba. Muulize mapema amesomea wapi kazi hii. Mtaalamu wa kweli hachukii swali hilo.

Siku hizi nina daftari lisilo na mistari. Kabla ya kikao natumia dakika tano kuchora pale mwili ulipobana, bila kuandika neno hata moja, kisha naenda nalo.