Duka la mtaani na kile linachoweza kuurudishia mtaa

Watoto wa mtaa wetu huku Mbagala huniita Mangi, jina la Kichaga, ingawa nilizaliwa Lindi na sijawahi kufika Moshi kwa Wachaga. Ndilo jina la muuza duka yeyote Dar es Salaam, nami nimelizoea tangu 2011, nilipoanza kuuza kwenye dirisha hili la nondo. Wenzangu wanaoanza biashara huniuliza wafanye nini ili mtaa unaowalisha nao upate kitu kutoka kwao, na wengi hutaja kwanza jezi za timu ya vijana zenye jina la duka mgongoni. Jezi si mbaya, hata mimi nimewahi kuzinunua. Ila hilo ni tangazo la biashara, na ni vyema mtu alilipie kama tangazo bila kujidanganya kwamba ametoa sadaka.

Mimi huwashauri waanze na daftari la mkopo. Supamaketi haimjui fundi ujenzi anayelipwa kila Jumamosi, wala haijui kwamba masika yakianza hukaa wiki mbili bila kibarua; mimi ninajua, kwa hiyo ninaweza kumwandikia unga kilo mbili na mafuta ya kupima mpaka mvua zipungue. Hata hivyo, mwaka 2017 nilimwandikia kila aliyeomba, madeni yakafika shilingi 640,000, nikawa ninakwenda Kariakoo na fedha ya nusu mzigo huku rafu zikionyesha mbao. Wateja wa taslimu walihamia duka jingine kwa kukosa bidhaa, na wadaiwa wakawafuata huko kwa aibu ya kupita mbele yangu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; mimi daftari nilikuwa nalo, habari nilizipata zote, na mali ikapotea vilevile. Sasa kila nyumba ina kikomo cha shilingi 20,000, deni jipya haliandikwi kabla la zamani halijapunguzwa, na mkopo ni wa chakula na sabuni tu, si wa soda wala vocha.

Deni pia lisitajwe mbele ya watu. Mama mmoja humtuma mwanawe wa darasa la pili na kikaratasi kilichokunjwa mara nne: "Mangi, sukari robo, majani ya chai, tarehe 30." Ninafunga vitu, ninaandika bila kusoma kwa sauti, na mtoto anaondoka kama aliyelipa.

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini, kwa kuwa mvua kubwa zilizuia uvunaji wa miwa na viwanda vikapunguza uzalishaji. Nilikuwa na mifuko mitatu ya kilo 50. Mtu mmoja alitaka kuichukua yote kwa bei ambayo, nikisema kweli, ilinikosesha usingizi usiku ule. Niliamua kuuza nusu kilo kwa kila nyumba, na zile kilo 150 zikatosha mauzo 300. Faida ilikuwa ya kawaida tu. Sikutoa chochote bure, lakini ninauhesabu uamuzi ule kuwa mchango mkubwa kuliko fedha yoyote niliyowahi kuchangia.

Jambo jingine lisilogharimu ni kuwaachia majirani nafasi ya kuuza. Kabati la kioo lililo mbele ya duka langu ni la maandazi na vitumbua vya akina mama watatu, ambao huviacha alfajiri kwa mali kauli na kuchukua fedha zao jioni. Sikati kitu, kwa sababu anayefuata andazi hununua na sukari.

Kuhusu michango ya shule, toa kitu chenyewe, si fedha. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza na nchi nzima ikahimizwa kuchangia madawati, nilimkabidhi fedha mtu aliyepita dukani na orodha ya wachangiaji. Dawati langu silijui mpaka leo. Tangu hapo humlipa seremala mwenyewe, na kamati ya shule hupokea dawati na kutia saini.

Misiba haina mengi ya kueleza. Michango ya majirani huanza kukusanywa asubuhi, lakini waombolezaji hufika usiku uleule na chai inahitajika, kwa hiyo mimi hupeleka sukari na majani ya chai mara tu ninapopata taarifa.

Vyote hivi hutoka katika kibubu ninachotia shilingi 1,000 kila ninapofunga duka, mbali kabisa na mtaji. Kikiwa kitupu, ninamweleza anayeomba kwamba mwezi huu sina, arudi mwezi ujao, na mpaka sasa hakuna aliyenuna zaidi ya siku mbili.