Re: Vikombe vya PLA na makaa ya gugumaji vinalegea kwa chai

Ndugu wa Dunga, pole na kazi. Umeuliza mbona vikombe vyako vya PLA, yaani plastiki inayotokana na mimea, vinapinda chai ikimiminwa, ilhali umeongeza makaa ya gugumaji hadi asilimia 20, na pia mbona plastiki inakuwa dhaifu baada ya kuyeyushwa. Makaa hayo hayana hatia, ila pia hayawezi kukuokoa. PLA huanza kulegea ikifika nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi, na unga wa makaa hukaza plastiki bila kukisogeza sana kiwango hicho. Chai ya kwetu huja ikitokota! Hata jua la Kisumu ndani ya gari lililofungwa linatosha kukiharibu kikombe, tena cheusi.

Kinachosaidia ni fuwele. Acha kikombe ndani ya kalibu yenye joto la nyuzi 100 hivi kwa dakika kadhaa kabla ya kukitoa, ili molekuli zijipange. Hapo makaa yanaweza kufaa, kwani chembe zake huwa mahali pa fuwele kuanzia. Kikombe kitasinyaa kidogo, kwa hivyo pima kalibu upya.

Swali lako la pili, la plastiki kuwa dhaifu baada ya kuyeyushwa, mimi nashuku unyevu na majivu. Gugumaji lina potasiamu nyingi, nayo huharakisha molekuli za PLA kukatika kwenye joto. Osha unga mara kadhaa, ukaushe kabisa pamoja na punje za PLA, na usipitishe nyuzi 190 kwenye mashine. Anza na makaa asilimia 5 kwanza.