Shangazi, bibi yake anataka mwanangu abatizwe Desemba huko Moshi

Pole mwaya, talaka yenyewe haijapoa na hili nalo limeingia. Kwa wasomaji, dada yetu yuko Dodoma, waliachana mahakamani mwaka jana, mtoto wa miaka 6 anaishi naye na likizo anaenda kwa baba yake. Yeye Mlutheri, baba Mkatoliki, ndoa ilikuwa ya bomani na ubatizo ukawa unaahirishwa tu kila mwaka. Sasa bibi mzaa baba kapiga simu kutoka Moshi, Desemba ukoo wote ukipanda mtoto anabatizwa, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ishapangwa, mama aje akipenda. Na dada anawaza amuwahishe kwa mchungaji wake kimyakimya mwezi wa 11.

Hilo la kumuwahisha niseme ukweli, litafanikiwa, na ndo ubaya wake. Wakatoliki wanautambua ubatizo wa KKKT, kanisa lenu la Kilutheri, na ubatizo haurudiwi, kwahiyo paroko akiona cheti hamwagi maji tena, utakuwa umewafunga goli. Ila siku mtoto anauliza mbona baba hayupo kwenye picha utamwambia nini? Usifanye.

Bibi naye anaongea kana kwamba kazi ni kuchinja mbuzi tu. Kwa sheria za Kanisa lao mzazi mmoja akikubali inatosha, hapo baba ana haki yake ikubali, na talaka yenu sio kizuizi. Lakini padri anatakiwa aone tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki, na huyu mtoto analala kwako, shati la Jumapili unapiga pasi wewe, sasa nani atampeleka misa huko Dodoma, bibi wa Moshi? Halafu akishafika miaka 7 anahesabiwa anajielewa, anapita mafundisho kwanza na mwenyewe awe anataka. Hamna haja ya kukimbizana.

Hukumu yako ya talaka pia itoe kabatini uisome, Sheria ya Ndoa ya 1971 inairuhusu mahakama ikitoa amri ya malezi iweke sharti hata la dini atakayokuzwa mtoto. Kama halimo, sikushauri urudi kortini kwa hili, utamaliza hela na mtoto ataburuzwa.

Kuna kamstari umekaficha mwisho wa barua, eti toka talaka hujakanyaga kanisani. Mimi naona wala hugombani na Ukatoliki mdogo wangu, kinachokuuma ni mama mkwe kukupangia kama vile bado uko kwake, na una haki ya kuumia, ila hiyo ni kesi ya wakubwa, mtoto hayumo.

Mpigie baba yake mwenyewe, sio bibi, na sio meseji maana meseji zitafika kwenye grupu la ukoo kabla ya chakula cha usiku. Mwambie sipingi mtoto abatizwe, napinga kupewa taarifa kama jirani. Omba isogezwe hadi Pasaka, mkae wote wawili na paroko, msimamizi Mkatoliki mumchague pamoja, na dada yako uliyesema anampenda sana huyo mtoto anaweza kusimama pembeni ya msimamizi kama shahidi, Mlutheri aliyebatizwa anaruhusiwa. Mkubaliane kabisa Jumapili za Dodoma zitakuwaje, na wewe kama huwezi kumpeleka sema huwezi, usiahidi altareni kitu hutafanya.

Akigoma, tafuta namba ya ofisi ya parokia, ongea kwa adabu, mimi ndo mama, mtoto anaishi kwangu, naomba nisikilizwe kabla ya tarehe. Usiende kulia wala kumsema mama mkwe.

Na mtoto mwenyewe umemuuliza? Miaka 6 anaongea vizuri tu huyo. Anza na yeye, halafu ndo simu, na baba yake aking'ang'ania Desemba niandikie kabla hujakata tiketi.