Mvinyo wenye rangi nyepesi haujatiwa maji

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Lyon. Nilinunua Poulsard, mvinyo mwekundu wa Arbois, mkoa wa Jura, mashariki mwa Ufaransa, wa mkulima mdogo kwa euro 22. Rangi ni nyepesi mno, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Unanuka njiti ya kiberiti, ulimini kuna vigesi na chini ya chupa kuna mashapo. Shemeji yangu alitia nusu kijiko cha bikaboneti ya soda kwenye glasi, ukageuka kijivu cha kijani, akasema ni dalili ya maji na dawa. Je, nimetapeliwa? Nataka kuijua mivinyo myekundu ya wakulima wadogo wa Ulaya, nianzie wapi?

JIBU: Wewe hukutapeliwa. Aliyetapeliwa ni shemeji, tena na video ya kipimo cha bikaboneti ambayo imezunguka kwenye simu za watu wengi.

Wekundu wa mvinyo unatokana na anthosiani, kemikali za asili zilizomo kwenye ganda la zabibu. Penye uchachu huwa nyekundu. Ukiuua uchachu kwa bikaboneti, hugeuka zambarau, kisha buluu, kijani au kijivu. Mvinyo wa euro 3 utageuka, wa euro 300 utageuka, na juisi ya rozela nayo itageuka, maana ina anthosiani zake. Maji kwenye mvinyo hutafutwa maabara, kwa kupima oksijeni-18, aina nzito ya oksijeni. Kijiko cha jikoni hakiyaoni. Mwambie shemeji aibakishe bikaboneti yake kwa ajili ya keki.

Imani iliyo nyuma ya kipimo hicho ndiyo inayoudhi zaidi: kwamba mvinyo mwekundu ukiwa bora lazima uwe mweusi kama wino. Nyama ya zabibu karibu zote, hata zile nyeusi, haina rangi. Rangi yote iko kwenye ganda, na kila aina ina ganda lake. Poulsard, ambayo kijiji cha Pupillin wanaiita Ploussard, ina punje kubwa, ganda jembamba na anthosiani kidogo. Iloweke na maganda yake wiki tatu, bado itatoka na rangi ya komamanga lililozimuliwa. Nebbiolo, zabibu ya Barolo, mvinyo maarufu wa Italia, nayo ni nyepesi na huanza kuelekea rangi ya tofali mapema, lakini onja: ukakasi wake unakausha fizi kama umeng'ata ndizi mbichi. Rangi na ukakasi havitembei pamoja. Xinomavro ya Naoussa, kaskazini mwa Ugiriki, jina lake lina maana ya "uchachu" na "weusi", na hata hiyo haitoi mvinyo mweusi. Nerello Mascalese ya mlima Etna, Pelaverga ya Verduno kule Piemonte, Italia, na Pinot noir ya Burgundy ni vivyo hivyo. Anayemwaga mivinyo hii kwa sababu ya rangi anamwaga sehemu kubwa ya kilicho bora Ulaya.

Tena weusi ndio kitu rahisi kuliko vyote kukitengeneza kiwandani. Kuna zabibu ambazo hata nyama yake ni nyekundu, kama Alicante Bouschet, iliyozalishwa Ufaransa karne ya 19. Kiasi kidogo tu kinatosha kukoleza tangi. Unaweza pia kupasha moto zabibu zilizopondwa hadi nyuzi 70 hivi kabla hazijachachuka, na ganda litatema rangi yake kwa saa chache. Gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan, huishika rangi isituame na kuulainisha mvinyo mdomoni. Vipande vya mwaloni, vilivyoruhusiwa Umoja wa Ulaya tangu 2006, huleta harufu ya pipa bila gharama ya pipa. Acha gramu chache za sukari mwishoni, weka kwenye chupa nzito yenye lebo ya dhahabu, na mnunuzi atasema "huu ni mzito, huu ni mzuri". Yote hayo yanafanyika bila kuvunja sheria. Hata lebo inayotaja aina moja ya zabibu, kanuni ya jumla ya Ulaya inadai asilimia 85 tu ya aina hiyo.

Mbio za weusi ndizo zinazozaa udanganyifu wa kweli. Mwaka 2008 kule Montalcino, Italia, vyombo vya sheria vilizuia shehena za Brunello, mvinyo mwekundu wa huko, kwa tuhuma za kuchanganywa na zabibu nyingine, wakati kanuni za Brunello zinadai Sangiovese peke yake. Sangiovese si zabibu ya rangi nzito, na soko lilikuwa linalipia weusi.

Turudi kwenye chupa yako. Harufu ya kiberiti inatoka kwenye misombo ya salfa inayojitokeza mvinyo unapokosa hewa, na Poulsard ina tabia hiyo kuliko zabibu nyingi. Vigesi ni kabonidioksidi ambayo mkulima ameiacha kwa makusudi, imlindie mvinyo ili apunguze salfaiti, dawa ya kuhifadhi mvinyo. Yote mawili dawa yake ni moja: mimina kwenye jagi, litikise, subiri nusu saa. Mashapo ni rangi, tanini (ndiyo iletayo ukakasi) na mabaki ya hamira yaliyotuama kwa sababu mvinyo haukuchujwa sana. Simamisha chupa siku nzima kabla ya kufungua, mimina taratibu kwa mwendo mmoja bila kuisimamisha katikati, na acha kiasi cha vidole viwili chini.

Halafu joto. Chumba chenye hita huwa nyuzi 22 au zaidi, na mvinyo mwepesi katika joto hilo hubaki kilevi na uchachu tu. Poulsard inywe kwenye nyuzi 13 au 14, Nebbiolo na Xinomavro 16 hadi 18. Chupa iliyokaa kwenye friji itoe dakika 40 kabla. Iliyokuwa mezani itumbukize kwenye maji ya barafu dakika 10. (Huko Jura kwenyewe wekundu huonjwa kabla ya mweupe. Ukiuonja baada yake, unapotea kabisa.)

Chupa inayofuata, anza na nani ameijaza. "Mis en bouteille au domaine" maana yake imejazwa kwa mkulima. "À la propriété", yaani kwenye mali ya mzalishaji, hutumiwa hata na vyama vya ushirika. Ukikuta "par" (imejazwa "na") kisha jina la kampuni, angalia msimbo wa posta: Arbois ni 39600, na tarakimu 39 ndizo za mkoa wa Jura. Ukiona mvinyo wa Arbois uliojazwa mkoa mwingine, muulize muuzaji. Kifuniko kikiwa na nembo ya Marianne, sura ya mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa, tazama herufi: R ni mvunaji, N ni mfanyabiashara aliyenunua zabibu au mvinyo kwa wengine. N si kosa, wapo wadogo wazuri, ila ujue unanunua nini. Kwa Ujerumani, "Gutsabfüllung" (imejazwa shambani) ina masharti makali kuliko "Erzeugerabfüllung" (imejazwa na mzalishaji), ambayo ushirika pia huitumia. Wakulima huru wa Ufaransa wana nembo ya mtu aliyebeba pipa, na chama chao huandaa maonyesho katika miji kadhaa, Lyon ukiwemo. Huko unaonja ukiwa umesimama mbele ya mkulima mwenyewe. Mvinyo uliozalishwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 una orodha ya viambato, mara nyingi ndani ya msimbo wa QR. Isome. Gundi ya mgunga na juisi ya zabibu iliyokolezwa utazikuta humo.

Kisha nunua hizi: Trousseau, ndugu mzito kidogo wa Poulsard, Carema, Nebbiolo inayokua kwenye matuta yenye nguzo za mawe kaskazini mwa Piemonte, Mencía ya Ribeira Sacra, Hispania, kwenye miteremko ya mto Sil, na Naoussa moja uiweke miaka mitano.

Upande wa mivinyo ya asili nao una matapeli wake, wale wanaokwambia kila uvundo ni "uasili". Si kweli. Harufu ya kadibodi iliyolowa ni kizibo kilichoharibika. Harufu ya rangi ya kucha na siki iliyozidi ni bakteria. Mbaya kuliko zote ni ladha ya panya, ambayo hushambulia mivinyo yenye salfaiti kidogo mno. Kwenye glasi huinusi, kwa sababu uchachu wa mvinyo unaifungia. Mate yakiupunguza uchachu ndipo inapotoka. Meza, hesabu hadi 20, kisha pumua kwa pua. Ukipata tundu la panya au bisi zilizochacha, jagi halitasaidia, hewa huizidisha. Kwa hiyo nusu iliyobaki izibe, iweke kwenye friji, na ujaribu hivyo kesho jioni. Ladha hiyo ikiwepo, irudishe chupa dukani ikiwa bado na mvinyo ndani, muuzaji naye aonje.