Gari la Miaka 22 Lililotembea Kidogo: Linunuliwe au Liachwe?

Katika ukurasa huu wa maswali ya wasomaji kuhusu magari, safari hii tumechagua barua tatu kutoka Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu zote zinahusu magari ya zamani yanayosemekana kuwa hayajatembea sana.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu. Mzee mmoja jirani yetu, mstaafu, anauza Toyota Corolla ya mwaka 2003 yenye injini ya 1NZ-FE na geaboksi ya otomatiki. Aliliagiza kutoka Japani mwaka 2012 likiwa na kilomita 58,000, na leo, baada ya miaka 13, dashibodi inasoma 71,400. Anasema alikuwa akienda nalo kanisani, na mara mojamoja Mbeya. Anataka shilingi milioni 9.5 na hashuki, kwa maelezo kwamba gari bado bichi. Shemeji yangu anasema nisiliache. Fundi wangu anasema gari la zamani ni la zamani tu. Nimsikilize nani? *Mwalimu, Tukuyu*

JIBU: Mwalimu, kabla hujaenda na fundi, chukua kalamu. Gari hilo limeongeza kilomita 13,400 katika miaka 13, yaani takriban kilomita 1,030 kwa mwaka. Kama kanisa liko umbali wa kilomita 5, kwenda na kurudi kila Jumapili ni kilomita 520 kwa mwaka. Zinazobaki zinatosha safari tatu hivi za Mbeya mjini, kwa kuwa kwenda na kurudi kutoka Tukuyu ni kama kilomita 140. Maelezo ya mzee, kwa hiyo, yanawezekana. Hata hivyo mzungumzishe taratibu, kwa heshima anayostahili, umuulize mambo yake ya pensheni alikuwa akiyafuatilia wapi, watoto wanaishi wapi, na sikukuu alikuwa akizilia wapi. Ikitokea katika mazungumzo hayo kwamba alikuwa akienda Mbeya kila mwezi na gari hilo, safari hizo peke yake ni kilomita 1,680 kwa mwaka, na dashibodi haiwezi kuwa inasema kweli. Vivyo hivyo akitaja kwamba kila Krismasi alikuwa akiendesha hadi Dar es Salaam, maana safari moja ya kwenda na kurudi huko inazidi kilomita 1,600. Mimi huiamini hesabu ya namna hii kuliko ninavyouamini usafi wa viti, kwa sababu viti hufunikwa na usukani hubadilishwa, lakini mzee anayesimulia maisha yake hana sababu ya kukokotoa kilomita anaposimulia.

Omba pia karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani, uone kama kilomita 58,000 zimeandikwa humo. Kisha fungua boneti na mlango wa dereva, utafute stika ndogo ambazo gereji za Kijapani hubandika baada ya kubadilisha oili. Tarehe zake mara nyingi hufuata kalenda ya enzi ya mfalme wao iliyoitwa Heisei, ambayo mwaka wake wa 1 ni 1989, hivyo mwaka wa 22 ni 2010. Ukikuta stika ya mwaka wa 22 yenye kilomita 96,000, mjadala umekwisha na unaweza kurudi nyumbani.

Tuseme sasa kwamba kilomita ni za kweli. Hapo ndipo fundi wako anapokuwa na hoja, ingawa ameisema kwa mkato mno. Pistoni na silinda za gari hilo huenda zimesagika kidogo sana, lakini gari lina vitu vingi vinavyochakaa kwa miaka, liwe limetembea au limesimama: tairi, hozi za rejeta na za breki, fenibelti, bushi za miguu, sili za injini, betri na oili zote. Anza na tairi, kwa kuwa lenyewe hueleza umri wake. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. 2416 maana yake ni wiki ya 24 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na meno marefu yanayopendeza na bado likawa limekakamaa na kuchanika nyufa nyembamba karibu na ringi. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisiendelee kutumika likishafikisha miaka 10, hata kama linaonekana zima, na kwa gari litakalopanda na kushuka milima ya kwetu mimi nisingesubiri hata huko.

Oili ya breki ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote, nayo ndiyo ningependa uisimamie kwa ukali. Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kadiri inavyonyonya ndivyo inavyochemka mapema. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishashiba unyevu kiwango chake cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Kwenye tambarare huenda dereva asigundue chochote. Kwenye mteremko wa Kitonga, ukiwa nyuma ya lori na mguu umekaa kwenye breki muda mrefu, oili ikichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Wilaya yenu ya Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo unyevu wa kunyonya haukosekani. Kama mzee hakumbuki ilibadilishwa lini, ichukulie kwamba haijabadilishwa.

Kuhusu injini, neno "kanisani tu", ambalo shemeji yako amelisikia kama sifa, mimi limenitia wasiwasi kidogo. Safari ya kilomita 5 katika asubuhi ya baridi ya Tukuyu haitoshi kuipasha oili joto sawasawa. Mvuke wa maji na mabaki ya petroli hubaki ndani ya oili badala ya kutoka, na bomba la moshi huoza kuanzia ndani. Fungua kifuniko cha kujazia oili utazame upande wake wa ndani. Utando mwepesi wa rangi ya maziwa si wa kutisha, lakini ukikuta tope jeusi zito kama uji ulioganda, injini hiyo ilikuwa ikibadilishiwa oili kwa kilomita peke yake, pengine mara mbili au tatu katika miaka yote hiyo, wakati ilipaswa kubadilishiwa angalau kila mwaka. Injini ya 1NZ-FE hutumia cheni ya taimingi, na afya ya cheni hiyo inategemea oili safi. Muuzaji akikuambia kwamba alishabadilisha "mkanda wa taimingi" wa injini hiyo, jua kwamba ama hajui, ama kuna fundi aliyemla fedha.

Siku ya kulijaribu, fika asubuhi bila kuwapa nafasi ya kulipasha moto, na uguse boneti kwanza ujiridhishe kwamba ni baridi. Liwashe mwenyewe huku fundi akisimama nyuma kutazama moshi. Kisha pandisha barabara ya Mbeya hadi Isyonje, mlima mrefu utakaoonyesha kama rejeta na pampu ya maji bado vina nguvu; mshale wa joto ukishavuka nafasi yake ya kawaida, geuza. Wakati wa kurudi, shuka ukiwa kwenye gia ndogo bila kukanyaga mafuta, na mtu wa gari la nyuma atazame bomba lako la moshi mara tu unapokanyaga tena huko chini. Wingu la samawati likitoka hapo na kupotea, sili za valvu zimekauka kwa umri na zinapitisha oili. Huo si mwisho wa injini, ila ni kazi ya fundi na ni punguzo la bei. Geaboksi nayo ibadilishe gia bila kushtuka, na oili yake ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, mimi ningeachana na gari hilo hata likiuzwa kwa nusu ya bei.

Chini ya gari, fundi agonge kwa bisibisi vizingiti vya milango na sakafu ya buti chini ya tairi la akiba, mahali ambapo maji hujificha na kuleta kutu. Aangalie pia kama panya wametafuna nyaya, jambo la kawaida kabisa kwa gari linalolala bandani karibu na ghala la mahindi.

Jibu langu, basi, ni kwamba gari hilo linafaa kununuliwa ikiwa hesabu zimekubaliana na mlima umelipitisha, ila si kwa milioni 9.5 za kulipia "ubichi". Nenda kwenye maduka ya spea Mbeya mjini, upate bei za tairi nne, betri, hozi, fenibelti, oili zote na bushi, pamoja na ufundi. Kisha chukua bei ya Corolla ya mwaka huohuo iliyotembea kawaida, utoe gharama hizo, na utakachobakiwa nacho ndicho kiwe kikomo chako. Mzee asiposhuka hadi hapo, mshukuru na uendelee kutafuta. Corolla iliyotembea kilomita 160,000 ikiwa na kumbukumbu za huduma za kila mwaka ni afadhali. Mkikubaliana, linganisha namba ya chesisi na iliyomo kwenye kadi, hakikisha hakuna faini za trafiki zinazodaiwa, andikishaneni mkataba, na uhamisho wa umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA) ufanywe mapema.

SWALI: Gari la marehemu kaka yangu limelala bandani miaka mitatu. Lina kilomita 49,000 tu. Mteja amepatikana, anataka tuliwashe alisikie. Je, tuweke betri tuwashe? *Msomaji, Njombe*

JIBU: Pole kwa msiba. Msiwashe kwanza. Petroli ya miaka mitatu imeshaharibika, hivyo imwagwe yote, tangi lisafishwe na chujio libadilishwe. Oili ya injini nayo ibadilishwe. Jambo jingine kubwa ni rejeta: kama lilijazwa maji matupu badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, maji hayo yanaweza kuwa yameleta kutu ndani ya rejeta na injini. Fundi azitazame plagi, azungushe injini kwa mkono, na achunguze kama oili ya zamani ina maji. Mteja mwaminifu atasubiri siku mbili.

SWALI: Dalali hapa Iringa anasema gari lake ni jipya kwa sababu herufi za mwisho za namba yake zinaanza na E, na kwamba kilomita za dijitali hazichezewi. Ni kweli? *Msomaji, Iringa*

JIBU: Yote mawili si kweli. Herufi za namba, kuanzia A za zamani hadi E za sasa, zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania; gari la mwaka 2004 likiingia leo litapewa herufi za leo. Kilomita za dijitali hurudishwa nyuma kwa kifaa cha kompyuta bila hata kuacha alama ya bisibisi. Mwaka wa kutengenezwa utazame kwenye kadi, kisha uvute mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho: chini kabisa mara nyingi kuna lebo yenye mwaka mkanda ulipotengenezwa. Ukiwa pale pale, angalia kama sehemu hiyo ya mkanda ina mstari wa tope, kwa sababu gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa kila mahali isipokuwa hapo.