Mpe kazi moja kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini vijana wanaojitolea kusaidia vikundi vya watoto katika mitaa yetu hawadumu, na viongozi wafanye nini. Wengi hupokelewa kwa furaha lakini hawapewi kazi inayoeleweka. Kijana anafika ukumbini Kayole au Huruma, hapa Nairobi, Jumamosi asubuhi, anaambiwa "saidia saidia tu", anasimama ukutani hadi mchana akitazama simu. Baada ya Jumamosi mbili tatu humwoni tena.

Mwanzishie kazi moja. Daftari la mahudhurio linafaa sana: aketi mlangoni, aandike jina la mtoto, umri, namba ya mzazi na saa ya kuingia, kisha jioni aandike nani amemchukua. Baada ya wiki mbili atakuwa anawajua watoto kwa majina, na hapo ndipo nidhamu huanzia. Mtoto akiitwa "wewe wa shati jekundu" mbele ya wenzake 40, hageuki.

Wiki ya tatu atazame kipindi kizima akiwa kando ya mwelekezi, yaani kiongozi mzoefu anayemfundisha kazi. Ya nne aongoze mchezo wa kufungulia kipindi, dakika 10. Ya tano apewe dakika 20, na maandalizi yake yawe ukurasa mmoja: lengo, vifaa, maswali matatu ya kuwauliza watoto. Mwelekezi akae nyuma, anyamaze hata kipindi kikilegea, isipokuwa mtoto yuko hatarini. Hapa ndipo viongozi wengi huharibu. Kelele ikizidi kidogo wanainuka na kushika usukani, na kuanzia hapo watoto hawamsikilizi yule kijana tena. Tathmini ifanywe siku hiyo hiyo kabla ya viti kurudishwa: jambo moja lililokwenda vizuri, moja la kurekebisha Jumamosi ijayo. Ukimtajia makosa saba kwa mpigo atakumbuka aibu tu.

Usalama wa watoto hauna mjadala. Kila mwenye kitambulisho alete cheti cha polisi cha mwenendo mwema: ombi hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada ni shilingi 1,050, kisha alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Kikundi kikiweza kimlipie, maana kwa kijana asiye na kazi hizo ni pesa nyingi. Asiwepo mtu mzima peke yake na mtoto chumbani, hata akiwa na cheti. Namba ya simu 116, ya bure kwa kuripoti dhuluma dhidi ya watoto, ibandikwe ukutani mahali watoto wanapoiona.

Nauli itumwe Ijumaa jioni, isiwe ya kurudishiwa baadaye. Anayetoka Githurai kwenda Kibera hubadilisha matatu mjini, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Asipokuwa nayo mkononi asubuhi, hatakwambia, atazima simu.

Kuna pia kalenda, ambayo vikundi vingi husahau. Waliomaliza kidato cha nne Novemba wana nafasi kubwa kuanzia Januari, lakini Agosti au Septemba wengi hujiunga na vyuo, na mara nyingi huondoka kwa pamoja. Basi waandikishwe Januari, na kufikia Mei kila mmoja awe na mwenzake anayejifunza kando yake. Daftari, funguo za kabati na orodha ya namba za wazazi vikabidhiwe Julai, wakati mwenye kazi angali yupo wa kuulizwa.

Msomaji, Nairobi